Mwongozo kamili: kumuunga mtu wa mbali na studio yako ya nyumbani, sauti safi bila mwangwi

Mbukwenyi wadau. Leo nataka tulimalize kabisa hili suala la kumuunga mtu aliye mbali na studio ya nyumbani. Yaani wewe upo hapa Dodoma, Nkuhungu au Ilazo au Kisasa, chumba kimoja umekigeuza studio, mtangazaji yupo Dar, au mteja anataka akusikie hapohapo unavyosoma tangazo lake ili akurekebishe, au msanii yupo Singida anataka kuingiza voko kwenye biti yako, na unataka sauti iende na irudi ikiwa safi, irekodike, na isikatikekatike. Nawaona vijana wengi hapa mjini wana maiki nzuri na saundi kadi nzuri kabisa, lakini ikifika siku ya mtu wa mbali wanaweka simu juu ya meza, wanawasha spika ya simu, wanaielekezea maiki. Kazi yote nzuri inaishia hapo. Na haihitaji pesa nyingi kurekebisha, inahitaji kuelewa kitu kimoja tu, hivyo ntakaa sana hapo kabla sijagusa waya hata mmoja.

Kitu chenyewe ni hiki: mtu wa mbali apelekewe kila kinachosikika studio, isipokuwa sauti yake mwenyewe. Watu wa redio wanaita miksi-mainasi, yaani miksi nzima kutoa yeye. Kwanini? Sababu sauti yake inasafiri kutoka kwake mpaka kwako, sasa ukiichanganya na ya kwako ukamrudishia yote, ile sauti yake inamfikia kwa kuchelewa, tuseme robo ya sekunde hivi. Mtu akijisikia anaongea kwa kuchelewa kiasi hicho anaanza kubabaika, maneno yanagongana mdomoni, hata mtangazaji mzoefu anashindwa kumaliza sentensi. Halafu akiwa hajavaa hedifoni, ile sauti inatoka kwenye spika yake inaingia tena kwenye maiki yake inarudi kwako, mzunguko unaanza, unasikia yowe. Watu wanabadilisha programu, wanabadilisha bando, wananunua maiki nyingine, kumbe tatizo lipo kwenye njia ya sauti tu.

Kwa hiyo kichwani mwako weka njia mbili zisizokutana. Njia ya kwenda, ambayo inabeba wewe na biti na mgeni mwingine aliyekaa chumbani kama yupo. Na njia ya kuja, ambayo inabeba yeye peke yake. Njia ya kuja inaingia kwenye rekodi na kwenye hedifoni zako, haiingii kwenye njia ya kwenda. Basi. Kila nitakachoandika chini ni namna ya kuzitenganisha hizo njia mbili kwa vifaa ulivyonavyo.

VIFAA

Mpangilio ninaoupenda mimi na ninaomshauri kila anayeanza ni wa mashine mbili. Moja ni kompyuta yako ya kurekodia, iache irekodi tu. Ya pili ni laptop ya zamani ambayo kazi yake ni laini tu, yaani muunganisho wako na mtu wa mbali, hata kama imechoka kiasi gani maadamu inafungua brauza bila kuganda. Ukitumia mashine moja kwa yote inawezekana, ntagusia huko mbele, ila siku programu ya laini ikiganda utaizima na rekodi yako pamoja, na mgeni, yaani yule mtu wa mbali, hatorudia maneno yale vilevile.

Katikati weka mikisa ndogo, boksi la kuchanganyia sauti, yoyote yenye tundu la kutolea sauti lililoandikwa AUX au FX SEND pamoja na kinobu chake kwenye kila chaneli. Kama unanunua leo tafuta yenye AUX ya kabla ya feda (feda ni kile cha kupandishia na kushushia sauti ya chaneli), ile inayoandikwa PRE, maana hiyo haijali umepandisha au umeshusha feda, mgeni anaendelea kusikia kiwango kilekile. Yenye FX SEND ya baada ya feda nayo inafanya kazi, sema kila ukishusha feda yako na yeye anapungukiwa.

Laptop ya laini inahitaji saundi kadi yake ndogo ya USB. Usitumie tundu la maiki la laptop, limetengenezwa kwa ajili ya sauti ndogo sana ya maiki ya hedifoni, ukiliingizia sauti ya mikisa inapasuka. Behringer UCA202 au UCA222 zinatosha kabisa kwa kazi hii, ni vijiboksi vidogo vyenye matundu ya RCA ya kuingiza na ya kutoa, na vinakwenda hadi kilohezi 48, yaani vinapima sauti mara elfu 48 kwa sekunde, ndicho tunachotaka. Halafu hedifoni zinazofunika sikio lote, za kwako na za kila aliyemo chumbani. Spika zinazimwa wakati wa laini, hilo halina mjadala.

Kuhusu yale maboksi ya kodeki ya redio, yanayobana sauti na kuisafirisha, Comrex, Tieline na mengine ya aina hiyo: ukiletewa moja na kituo ili uwafanyie kazi usiogope, ni kitu kilekile. Zamani redio za nje zilipitisha sauti kwenye laini za ISDN, laini za simu za kidijitali, njia mbili za kilobiti 64 zikiunganishwa unapata 128, siku hizi boksi linachomekwa waya wa intaneti tu. Lina tundu la kuingiza sauti na la kutoa sauti. Lichomeke palepale ambapo mimi hapa chini nachomeka laptop ya laini, weka anwani waliyokupa, bonyeza kupiga.

KUCHOMEKA

Maiki yako iko chaneli ya 1 ya mikisa. Biti au matangazo yanayotoka kwenye kompyuta ya kurekodia yako chaneli nyingine, tuseme 5 na 6. Sasa chukua waya kutoka AUX SEND ya mikisa uingize kwenye IN ya saundi kadi ya laptop ya laini. Hiyo ndo njia ya kwenda. Halafu chukua waya kutoka OUT ya ile saundi kadi uingize chaneli 3 na 4 za mikisa. Hiyo ndo njia ya kuja, hapo ndipo mgeni anapoingilia.

Sasa vinobu. Chaneli 1, fungua AUX mpaka katikati, alama ya kinobu ikitazama juu. Chaneli 5 na 6, fungua AUX chini kidogo ya hapo ili biti isimfunike. Chaneli 3 na 4, alipo mgeni, AUX funga mpaka mwisho, kinobu kigonge ukuta. Hicho kinobu kimoja kilichofungwa ndo miksi-mainasi yenyewe. Mimi kwenye mikisa yangu nimebandika selotepu juu yake kisiguswe hata na mtoto akipita.

Sauti kuu ya mikisa, ile inayotoka MAIN OUT, ipeleke kwenye kompyuta ya kurekodia. Kama saundi kadi yako ya kurekodia ina matundu mawili ya kuingizia, ukiwa na mikisa ndogo fanya hivi: chaneli 1 ipeleke kushoto kabisa kwa kile kinobu cha PAN, mgeni mpeleke kulia kabisa, rekodi kama treki mbili. Tayari kila mmoja ana treki yake, akikohoa yeye unakata kikohozi bila kugusa sauti yako. Kipindi kama hicho biti usiirekodi, utaiweka baadaye kwenye kuhariri.

Hapa nisimame nieleze kuhusu waya, maana nililala saa tisa usiku kwa ajili ya hili. Mwanzoni sikuwa na ile saundi kadi ndogo, nilitumia tundu la hedifoni la laptop. Nikachukua waya wa jeki ndogo upande mmoja na jeki kubwa ya pete nyeusi mbili upande mwingine, nikachomeka kwenye tundu la LINE la mikisa. Mgeni alikuwa dada mmoja mtangazaji yupo Dar, akaanza kuongea, namsikia kama yuko ndani ya kisima, neno halishikiki, ila muziki uliokuwa unapiga nyuma yake nausikia upana wake. Nikapandisha sauti, hakuna. Katika kuhangaika nikaivuta ile jeki ikatoka nusu, ghafla sauti yake ikaja kamili, nzito, safi. Nikiisukuma ndani inapotea, nikiivuta nusu inarudi. Nikajua siyo mtandao.

Sababu yake ni hii. Tundu la balansi la mikisa linapokea sauti kwenye ncha ya jeki na kwenye pete, kisha linachukua tofauti ya hizo mbili, lengo lake kelele zilizoingia njiani, ambazo zipo sawa kote, zifutane. Laptop yenyewe inatoa sauti ya kushoto kwenye ncha na ya kulia kwenye pete. Sauti ya mtu anayeongea iko sawa kushoto na kulia, kwa hiyo mikisa inaiona ni kelele inaifuta. Ukivuta jeki nusu inagusa ncha tu, ndo maana inarudi. Dawa yake ni waya wa Y, jeki ndogo ya stereo upande mmoja, jeki kubwa mbili za mono upande mwingine, moja chaneli 3 nyingine chaneli 4. Ukienda dukani usiseme tu nataka waya wa laptop kwenda mikisa, sema nataka Y yenye mono mbili, na uangalie kichwa cha kila jeki kubwa kina pete nyeusi moja tu.

KAMA HUNA MIKISA

Una saundi kadi yenye matundu manne ya kutoa? Basi mikisa yako ni programu. Kwenye Reaper, programu ya kurekodia, fungua treki ya Mimi na treki ya Mgeni. Zote zinakwenda masta, yaani njia kuu ya kutokea, na masta inatoka tundu la 1 na 2, hizo ndo hedifoni zako. Halafu bonyeza kitufe cha Route kwenye treki ya Mimi uongeze njia ya kutoka tundu la 3. Kwenye treki ya Mgeni usiongeze. Waya utoke tundu la 3 uende kwenye laptop ya laini. Kanuni ni ileile, umefunga kinobu bila kuwa na kinobu.

Wenye kompyuta moja tu mtatumia waya wa kufikirika, kwenye Windows ipo VB-Cable, kwenye Mac ipo BlackHole, unaiambia programu ya laini ipeleke sauti ya mgeni huko na programu ya kurekodi iichukue. Ila chunga sana swichi ya Loopback iliyopo kwenye saundi kadi nyingi za siku hizi. Ile inachukua kila kitu kinachosikika kwenye kompyuta, akiwemo mgeni, inakirudisha ndani. Ukiichagua kuwa ndo maiki ya programu ya laini umemrudishia mgeni sauti yake mwenyewe, tumerudi kulekule.

Na simu? Simu inawezekana kutumika kama mashine ya laini, lakini usichomeke mikisa moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni la simu. Lile tundu ni la jeki ya pete nyeusi tatu na sehemu ya maiki inategemea sauti ndogo mno, mikisa inatoa sauti kubwa zaidi yake mara mia na zaidi, itasikika imepasuka au simu itadhani umebonyeza kitufe cha hedifoni ikate laini. Simu nyingi za USB-C zinakubali ile saundi kadi ndogo ya USB kwa waya wa OTG, ule unaoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB, ndo njia safi. Simu ichajiwe ijae kabla, maana tundu lake litakuwa limeshikwa.

INTANETI

Hapa watu wanapenda kuuliza spidi ngapi. Spidi siyo shida sana, sauti ni nyepesi. Programu nyingi zinatumia kodeki ya Opus, ambayo imekuwepo tangu 2012, inaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde na kupanda hadi 510. Kwa sauti ya mtu mmoja mimi naweka 128. Piga hesabu: kilobiti 128 kwa saa moja ni kama MB 58 kwenda, na MB 58 kuja, ukijumlisha na mizigo midogomidogo ya mtandao sema MB 150 kwa saa. Hata bando dogo linabeba. Ukiamua kutuma sauti isiyobanwa kabisa, bit 16 (siyo biti ya muziki) kilohezi 48 mono, ni kilobiti 768, saa moja kwenda na kurudi inakula karibu MB 700, hapo ndo uanze kuwaza.

Kinachoua ni kuyumba. Paketi moja, yaani kipande kidogo cha sauti kinachosafiri mtandaoni, inafika baada ya milisekunde 40, inayofuata 45, inayofuata 190, hapo ndo unasikia sauti inakatika kama mtu anatafuna. Pima kabla ya siku ya kazi, na upime saa ileile utakayofanya kazi, maana kwangu mimi saa 8 mchana na saa 3 usiku ni mitandao miwili tofauti kabisa, jioni watu wote wamerudi nyumbani wanaangalia video. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike ping -n 100 8.8.8.8 usubiri. Mwisho inakuonyesha ndogo kabisa, kubwa kabisa na ngapi zimepotea. Tofauti ya ndogo na kubwa ikiwa chini ya milisekunde 30 na hakuna iliyopotea, furahi. Ikiwa 80 au 100 bado unaweza, ila ongeza ile akiba ya programu, kwenye SonoBus, programu ya laini nitakayoieleza chini, inaitwa jitter buffer, iweke kama milisekunde 100 au 120, sauti itachelewa kidogo lakini haitakatika. Kwa maongezi kuchelewa hadi milisekunde 150 kwenda upande mmoja watu hawasikii shida. Sauti isiyokatika ina thamani kuliko sauti inayowahi.

Waya wa mtandao kutoka rauta hadi laptop ya laini, siyo Wi-Fi. Kama rauta ni ya laini ya simu, isogeze dirishani, jaribu madirisha yote, mimi dirisha la upande wa barabara na la upande wa jikoni kuna tofauti ambayo hata ping inaionyesha. Zima simu za familia kwenye Wi-Fi kwa saa hiyo moja, waombe kwa heshima, waambie kabisa ni kazi. Na kwenye Windows iambie kuwa mtandao huo ni wa kulipia kwa kiwango, itaacha kushusha masasisho yake mengi katikati ya kipindi.

PROGRAMU NA MIPANGILIO YAKE

Mgeni asiyejua kompyuta mpe Cleanfeed, unamtumia linki anaifungua kwenye Chrome, anaruhusu maiki, basi. Mgeni ambaye ni fundi mwenzako tumieni SonoBus, ni ya bure, ipo kwenye kompyuta na simu, mnakubaliana jina la kundi na neno la siri, sauti inakwenda moja kwa moja kati yenu bila kuzunguka kwenye seva ya nje. Dodoma na Dar ni kama kilomita 450 kwa barabara, mwanga kwenye faiba unazimaliza kwa milisekunde 2 na kidogo, kinachochelewesha ni mizunguko. Ila laini nyingi za simu zinawaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo pengine SonoBus itagoma kukutana, hapo muweke wote Tailscale au ZeroTier, programu zinazozifanya mashine mbili zionane kama ziko mtandao mmoja, au mrudi Cleanfeed msipoteze muda. Wateja wa nje wa sauti za matangazo na filamu wengi watakuomba Source-Connect, hiyo jipange mapema maana inaweza kukudai ufungue milango ya mtandao (ports) kwenye rauta.

Kokote utakapokuwa, zima vitu vitatu: Echo Cancellation (kufuta mwangwi), Noise Suppression (kukata kelele) na Automatic Gain (kupandisha na kushusha sauti yenyewe). Hivi vimewekwa kwa ajili ya watu wanaoongea kwa spika ya laptop ofisini. Wewe una hedifoni na miksi-mainasi, huvihitaji, na vinaharibu. Kuna mzee mmoja kutoka upande wa Chamwino nilimleta studio apige ilimba, ile ala yetu ya vyuma inayopigwa kwa vidole, prodyuza yupo Dar anasikiliza. Babu kapiga vizuri mno, chuma kinalia kinaning'inia hewani, pete za bati zinavuma chini yake. Prodyuza ananiambia namsikia anagonga tu tok tok tok. Ile programu ilikuwa inaona mlio unaoning'inia ni kelele ya feni, inaukata kila unapoanza. Nilipozima kile kitufe prodyuza alinyamaza kama dakika nzima, akasema babu aendelee tu asisimame.

Kwenye Windows kuna kingine kimejificha, mipangilio ya sauti, kipengele cha Communications, kiko kwenye kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 kila laini ikifunguka. Weka Do nothing. Na mashine zote mbili ziwe kilohezi 48, siyo moja 44.1 nyingine 48, usijiletee tiktik zisizo na maelezo.

UMEME

Ukisikia muungurumo mzito wa chini usiokata, mara nyingi ni vifaa vimepata ethi kwa njia mbili tofauti. Jaribio la kwanza, chomoa chaja ya laptop ya laini, itembee kwa betri. Muungurumo ukikata umempata mwizi. Chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja ya soketi moja, ikishindikana nunua kiboksi cha transfoma ya kutenganisha sauti, kinakaa kwenye waya kati ya laptop na mikisa. Kamwe usikate mguu wa ethi kwenye plagi, hii ni volti 230, kuna maiki ya chuma mdomoni mwa mtu.

Umeme ukikatika laptop zinaendelea, rauta inakufa, na rauta ikifa hata kwa sekunde tano inachukua dakika mbili kuamka. Ndo maana kabla ya kununua maiki ya pili nunua UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya rauta, zile za volti 12, soma nyuma ya rauta inataka volti ngapi kabla hujalipia. Mikisa na saundi kadi ya kurekodia ziwe kwenye UPS ya kawaida. Na LUKU ongeza asubuhi, usisubiri ilie.

CHUMBA

Sitakaa sana hapa, kila mtu anajua godoro na mablanketi. Ila sisi wa huku tuna mambo yetu. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na ikinyesha juu ya bati hakuna maiki itakayokuokoa, kwa hiyo miezi hiyo panga laini asubuhi, na mwambie mgeni mapema kuwa mvua ikija tutasimama. Kiangazi ni upepo na vumbi. Vumbi letu jekundu linaingia kwenye matundu, kinobu kinaanza kukwaruza kila ukikizungusha, sauti ya mgeni inatoka sikio moja. Funika mikisa kwa kitambaa kila ukimaliza, na matundu usiyotumia zibia.

SIKU YENYEWE

Ungeni nusu saa kabla. Mwambie mgeni avae hedifoni hata za simu, akae chumba chenye mapazia au kitanda, feni izimwe. Kisha fanyeni jaribio hili kwa utaratibu huu. Wewe nyamaza, yeye ahesabu moja hadi ishirini, umuulize: unajisikia? Akisema najisikia kwa mbali, rudi kwenye kile kinobu cha AUX cha chaneli 3 na 4. Kama kimefungwa na bado anajisikia, basi hedifoni zako ziko juu mno na maiki yako inazisikia, zishushe. Halafu wewe hesabu, yeye akuambie kama unapasuka. Sauti kwenye mita ya rekodi zicheze karibu na desibeli -18, zikipanda sana zisizidi -10, usiitafute sauti kubwa saivi, utaipandisha kwenye kuhariri.

Kisha mwombe ajirekodi na yeye hukohuko, kwenye simu ya pili iliyowekwa karibu na mdomo, au kwenye SonoBus yenyewe. Hii ndo siri ya vipindi vinavyosikika kama watu wamekaa meza moja wakati mmoja yupo Mwanza. Laini mnaitumia kuongea, ila kwenye kuhariri unatumia rekodi yake aliyojirekodi, na rekodi ya laini inabaki kuwa akiba. Mwanzoni kabisa wote mpige kofi moja kwa pamoja, na mwisho tena. Kofi la mwanzo unalitumia kuzipanga treki, la mwisho linakuonyesha kama zimeachana, maana saa za ndani za mashine mbili hazilingani kabisa, kwenye rekodi ya saa nzima zinaweza kupishana sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, hapo unakata kwenye ukimya katikati unasogeza.

Wageni wawili wa mbali kila mmoja anataka miksi-mainasi yake, wa kwanza asijisikie ila amsikie wa pili, na kinyume chake. Kwa mikisa unahitaji AUX mbili na laini mbili. Wote wakiingia Cleanfeed au SonoBus kwenye kundi moja, programu inawapatanisha yenyewe na wewe unabaki na kinobu chako kimoja kilekile.

Kuhusu kuimba pamoja mubashara, niwe mkweli, kwa mtandao wa simu achana nayo. Wanamuziki wanaanza kupotezana sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 25 au 30 hivi, na kwenye laini ya simu hizo zinaisha mapema. Mtumie msanii biti kama faili, ailaze kwenye mashine yake, aimbe akiisikia hukohuko na kujirekodi hukohuko, wewe unamsikiliza kwenye laini na kumwelekeza: rudia hapo, vuta pumzi kabla ya hilo neno, hapo umeshuka. Akimaliza anakutumia voko peke yake, WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, siyo kwa njia ya ujumbe wa sauti.

Kipindi kikiisha usichomoe chochote kwanza. Rekodi ihifadhi sehemu mbili, kompyuta na flashi, umwombe mgeni faili lake mkiwa bado kwenye laini, maana akishakata hadi kesho kutwa. Halafu piga picha mikisa kutoka juu, vinobu vyote vionekane, ili wiki ijayo ukikaa uanzie hapo. Waya zangu mimi nimezizungushia selotepu, nyekundu inakwenda kwa mgeni, nyeupe inatoka kwake.